Viti Viwili Nyuma ya Nguzo

Nilinunua tiketi za viti viwili vilivyo nyuma ya nguzo, na hakuna aliyenihadaa. Nilivichagua mwenyewe.

Mimi ni fundi makochi. Miaka kumi na minane iliyopita nilivalisha upya viti vya jumba la maonyesho la mjini, lile kongwe lenye roshani mbili. Kwa hiyo muuza tiketi aliponiuliza nataka kukaa wapi, mchoro wake wa viti sikuuangalia. Nikamwambia safu ya saba, cha tatu na cha nne. Springi zake nilizifunga kwa kamba ya katani, ukikaa unapokewa kama mgeni wa heshima. Nguzo ilikuwepo siku zote. Ila mimi mle ndani nilishinda nimepiga magoti, mdomo umejaa misumari. Jukwaani sikuwahi kuangalia.

Nyumbani nikaziweka tiketi mezani kwa mbwembwe. Kitinda mimba wetu, ambaye Jumamosi hiyo angeigiza kwa mara ya kwanza, akazisoma.

"Baba, hivi si vile vya nyuma ya nguzo?"

"Nguzo gani?"

"Ile nene, baba. Watu wawili wakiikumbatia hawashikani mikono."

"Na wewe unasimama wapi?" mama yake akauliza.

"Mlangoni, kushoto. Sentensi zangu zote nne nazisemea mlangoni."

Mke wangu alilisukuma kabati mpaka katikati ya sebule, akapanga viti viwili nyuma yake, akamwamuru binti asimame kwenye mlango wa jikoni na sinia lake la kuigizia.

"Haya, igiza."

Tuliona mkono na sinia. Nikainama kulia, nikaona kiwiko. Mke wangu akanikalia mapajani, akanyoosha shingo, akapata sikio moja.

"Miezi tisa nimembeba, halafu nije kuona sikio," akasema. Hapo kicheko kikatushika wote watatu, sinia likaanguka, binti akakaa chini mlangoni akishika mbavu.

"Umechagua kwa makalio, baba watoto," mke wangu akasema huku akijifuta machozi. "Macho hukuyauliza?"

Asubuhi nilikuwa kwenye dirisha la tiketi kabla halijafunguliwa.

"Zimekwisha, kaka," muuza tiketi akasema. "Hata ngazi ningeziuza, zingekwisha."

"Na vile viwili vya safu ya pili, vilivyozungushiwa kamba?"

"Vibovu vile. Wa mwisho kukaa tulimvuta watu wawili."

"Nikivitengeneza kabla ya Jumamosi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Ukivitengeneza, vikalie mpaka uote mizizi. Lakini meneja hataki viraka. Mahameli nyekundu kama ya vingine, la sivyo kamba haitoki."

"Na hizi za nyuma ya nguzo?"

"Lete. Wapo wanaokuja kulala."

Nilizunguka maduka matano. Mahameli ya kijani ipo, ya buluu ipo, nyekundu hakuna. Niliporudi, nyekundu ilikuwa inaning'inia chumbani kwetu: gauni alilojishonea mke wangu kwa ajili ya Jumamosi, refu mpaka chini.

"Usilitazame hivyo," akasema.

"Sijasema kitu."

"Unalipima. Nakujua ukipima."

Alilitandaza kitandani, akalilainisha kwa viganja mara mbili, kisha akachukua mkasi mwenyewe.

"Kitako tu, au na mgongo?"

"Na mgongo."

"Basi chukua na mikono."

Alhamisi na Ijumaa nilipiga magoti tena mle ndani. Mke wangu alinifuata kuvijaribu, akawa anarukaruka juu ya kiti kama mtoto, mpaka muuza tiketi akaja kuona kuna nini, naye akaketi kando yake akaruka. Kamba ikatolewa.

Jumamosi mke wangu alivaa gauni la pamba la kila siku. Mama wa kiti cha jirani akamsalimu kwa adabu, macho kwenye pamba ile. "Nimelikalia gauni langu," mke wangu akamjibu, na hakueleza zaidi. Pazia likafunguka. Binti yetu akaingia mlangoni na sinia, akasema sentensi zake nne, na tulimwona mzima, kuanzia utosini hadi visiginoni. Mke wangu alinifinya paja mpaka likawa na alama.

Gharama: gauni moja la mahameli, halijavaliwa hata mara moja. Springi kumi na mbili. Mita tisa za kamba ya katani. Misumari mia moja na arobaini. Siku mbili za kazi, na mteja mmoja wa kochi la kona, aliyechoka kungoja akaenda kwa fundi mwingine.