Ndege ya Saa Kumi na Tatu

Haboba Hawah, bibi yangu, hakuweza tena kupanda hata kizingiti. Moyo ulimchosha, miguu ikavimba. Miaka mitatu nilimbeba mgongoni kwetu Koboko: chooni, juani, kitandani. Mjomba Hamdani alipokuja na ndege ya tajiri wake hadi Arua, ili mama yake apelekwe Uturuki kupasuliwa, nilimsindikiza mpaka kiwanjani.

Ndege ilikuwa nyeupe, ndogo kuliko nilivyofikiri. Mjomba aliisifu kama mtu anayeiuza.

"Hii inaruka saa kumi na tatu bila kushuka. Kutoka hapa mpaka China! Iko na kitanda, iko na choo, inapita juu ya mvua."

"Basi mtaenda moja kwa moja," akasema mama mdogo Mariam Poni, dada yake.

"Hapana. Kiwanja hiki kifupi, haiwezi kuruka na mafuta mengi. Tunajaza Entebbe."

"Kumbe! Ndege ya China inaenda kunywa Entebbe kama bodaboda."

Rubani hakucheka. Alitaka kuondoka kabla ya saa kumi na moja jioni.

Wanaume wanne waliinua machela. Ngazi zilikuwa sita tu, lakini ukiingia mlangoni unakata kona hapo hapo, na machela ilikataa kona. Wakaiinamisha, Haboba akapiga kelele. Wakaigeuza, miguu mbele. Ikakwama vilevile.

Nilisubiri wachoke. Kisha nikachuchumaa, nikamfunga kwa leso mgongoni, nikapanda naye, nikamlaza.

"Imekwisha," mjomba akasema.

Haboba alimtazama. "Na huko kushuka, mutu gani itanibeba?"

"Huko watu iko mingi, mama."

"Hapa pia ilikuwa mingi. Jalia, twende nyumbani."

Mimi sina pasipoti, singeweza kwenda naye. Rubani akasema zimebaki dakika kumi.

Nikamwambia mjomba avue koti. "Chuchumaa. Usimvute mikono. Shika chini ya mapaja, yeye atashika shingo."

Alishuka naye ngazi sita kujaribu. Mama mdogo akapiga vigelegele vya kumcheka. Mjomba akageuka, akapanda naye.

"Pole pole," Haboba akamwambia sikioni. "Wewe si ndege."

Hakutaja tena nyumbani. Leso ilienda naye. Mimi nilirudi Koboko na machela.