Mwanga Uliopita Juu ya Nkowe

Ilikuwa siku ya nane tangu Mzee Bilali apasuliwe mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walifika Nachingwea, na binti yake Asmaa, anayeuza vitenge sokoni huko, akamwandikisha kabla hata ya kumuuliza. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona kwa jicho la kulia kilikuwa kovu dogo kwenye kidevu cha nesi Aurelia. Kwa miaka minne hakuwa ameona kitu kidogo namna ile.

Kabla hajapanda gari kurudi Nkowe, nesi alimpa masharti. "Mzee, usiiname, usibebe mzigo, na kupulizia mikorosho dawa ya salfa waachie wengine. Halafu, ukiona mwanga unapiga jichoni kama radi, usidharau. Rudi haraka."

"Mwanga kama radi," Bilali alirudia, apate kukumbuka.

Nyumbani mkewe Zuleha alimpokea kwa vigelegele. Miaka yote minne huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Wakikaa barazani, alikuwa akimwambia: "Huyo ni Saadi na baiskeli yake, kapakia ufuta," au, "Mbaazi zimetoa maua upande wa kisimani." Hata baada ya upasuaji alijisahau, akaendelea kumtajia wapita njia. Bilali alimwacha tu. Alishaizoea sauti ile.

Usiku wa siku hiyo ya nane walikuwa wameshaswali Isha. Zuleha aliingia jikoni kusonga ugali, na Bilali akakaa uani kwenye kigoda, akitazama nyota. Ilikuwa Agosti, mbingu haina hata wingu moja.

Ghafla uwanja mzima ukawa mweupe. Aliona vivuli vya mikorosho vikikimbia ardhini, kila kimoja na matawi yake, kutoka upande wa mto Mbwemkuru kwenda upande wa Nachingwea. Akainua uso. Kitu kama kaa la moto, kikubwa, cha kijani pembeni, kilikuwa kinapita na mkia wake, kikapasuka vipande vitatu, kikazimika. Giza likarudi, zito kuliko la mwanzo.

Bilali alijifunika jicho kwa kiganja.

Jicho limeharibika, aliwaza. Siku nane tu. Alikumbuka asubuhi ile, alivyomtambua mbuzi wa jirani toka mbali na Zuleha akacheka mpaka akakaa chini. Atamwambiaje? Akaamua anyamaze kwanza, mwenzake ale ashibe, ndipo amwambie.

Zuleha akatoka na maji ya kunawa. "Baba Asmaa, mbona umejishika jicho?"

"Vumbi."

"Vumbi gani, na upepo hakuna?"

Kabla hajajibu, mngurumo ukasikika. Ulianzia mbali, ukaja ukipita juu ya paa, mabati yakatetemeka. Kuku wakapiga kelele bandani. Zuleha alisimama na birika mkononi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Radi, Agosti hii?"

Bilali aliondoa kiganja jichoni. Alikuwa anawaza. Lililopasuliwa ni jicho, sikio halikuguswa. Na huyu mke wangu naye kasikia.

"Mama Asmaa," alisema polepole, "sasa hivi nimeona mwanga."

Mara Mwanamvua, jirani yao, akaja mbio, khanga moja begani nyingine inaburuzika. "Jamani, mmekiona? Kimondo! Kimeangaza mpaka nimeona sindano iliyonipotea! Subhanallah, mashetani leo wamepigwa!"

"Cha kijani?" Bilali aliuliza, akiinuka.

"Cha kijani, na mkia!"

"Kikapasuka vipande vitatu?"

"Mimi nimeona viwili, nilikuwa nimeshaanza kukimbia."

Bilali alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, macho yote mawili. Simu ikalia, ilikuwa Asmaa.

"Shikamoo baba. Huko kwenu mmeona? Nachingwea nzima tuko barabarani!"

"Marahaba mwanangu. Nimekiona mwanzo hadi mwisho."

"Wewe umekiona, baba?"

"Mimi mwenyewe."

Upande wa pili akasikia binti yake akiwatangazia watu: "Baba yangu kakiona!"

Mwanamvua alipoondoka kuwafuata wengine, Zuleha aliketi kwenye mkeka. "Wote mmeona isipokuwa mimi. Nilikuwa nachochea kuni, moshi umenijaa usoni." Akavuta kigoda cha mumewe karibu. "Nieleze. Usiruke kitu."

Bilali akamweleza. Akamweleza vivuli, akamweleza ile rangi, akatafuta mfano wake, akaona inafanana na bua la mtama linapoanza kukomaa. Zuleha aliuliza mkia ulikuwa mrefu kiasi gani, akaonyeshwa: toka mkorosho wa kwanza hadi paa la msikiti. Ugali ukapoa. Mwishoni Bilali akaungama kuhusu vumbi, akapigwa kofi jepesi begani.

"Kesho tunakwenda Nachingwea," Zuleha alisema. "Kimondo kimondo, lakini nesi atazame."

Walikwenda. Aurelia alimulika jicho kwa kurunzi yake, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akazima.

"Liko salama kabisa, mzee. Ule mwanga hata mimi niliuona, nilikuwa naanua nguo. Ungekuwa ugonjwa, leo wilaya mbili zingepanga foleni hapa mlangoni."

Walikula chapati kwa Asmaa, wakapanda gari la saa nane kurudi. Zuleha alikaa dirishani, lakini hawakufika mbali akasinzia begani kwa mumewe. Bilali alitazama mikorosho ikipita, na watu, na baiskeli. Hakumwamsha mpaka Nkowe.