Ndege Iliyokosa Kanuni ya Kutua

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimesimama kwenye meza ya sebuleni, pale tunapochezea vita vyetu vya askari wadogo wa plastiki, na ndege niliyoiunda kwa gundi na mikono yangu inanizunguka kichwa ikinung'unika.

"Mzee Kihiyo," rubani ananiita, "wewe ndiye uliyerahisisha kanuni za ndege?"

Nikakubali, tena kwa majigambo. Katika kikundi chetu, kanuni ikigombanisha watu mara mbili inafutwa. Jioni nilikuwa nimefuta ya upepo, ya mafuta na ya kutua. Hiyo ya kutua ndiyo iliyowafanya Sekiete na Mbaruku wasisemezane tangu Idi.

"Kutua umefuta. Sasa nashukaje?"

"Subiri mafuta yaishe."

"Mafuta nayo umefuta, mzee." Sauti inamkatika. "Na nyumbani wananingoja."

Nikaona aibu kweli kweli.

Mara nimeketi nyuma yake. Meza imekuwa wilaya nzima yenye mashamba ya mkonge, na ndege imechomekwa juu ya kijiti kirefu kinachofika mpaka chini, kama ndege zetu zote za mchezo. Mimi pia sina pa kushukia. Naogopa, sifichi.

Huko chini wamekaa Sekiete na Mbaruku, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Jamani, ndege inatuaje?" nawapigia kelele.

"Lazima kuwe na uwanja!" anasema Sekiete.

"Uwanja wa nini? Itupwe dadu!" anasema Mbaruku.

Dadu, kubwa kama jokofu, inakataa. "Mimi msinitie. Mkishindwa mnanilaumu."

Wanaanza kugombana upya, na sisi tunazunguka tu. Rubani anachungulia nje, anauliza kwa adabu: "Samahani, wakubwa. Ikigusa meza, si imetua?"

Sekiete anageuka, anamtazama Mbaruku.

"Mimi sina ubishi," anasema.

"Hata mimi, ndugu yangu. Habari za tangu Idi?"

Kijiti kikaanza kufupika. Tukagusa meza, nikaamka.

Asubuhi mke wangu, Mwanahamisi, akaniita sebuleni. "Baba Zuhura, hii ndege yako nani kaichomoa?"

Ilikuwa imekaa juu ya meza, kioo chake cha juu kimefunguliwa. Nikaingiza ncha ya kidole kwenye kiti cha rubani. Hakuwamo, na kiti kilikuwa bado na joto.