Somo la Kubana Matumizi

Mwalimu wa semina alichora kapu ubaoni, akalijaza vyakula, kisha akaanza kuvifuta kimoja kimoja. Nyama ilikwenda. Maziwa yakafuata. Alipofika kwenye matunda, aliwageukia wasio na kazi waliojaa ukumbini, akatabasamu.

"Mnaona? Kubana matumizi ni uamuzi tu, ndugu zangu."

Fundi cherehani mmoja aliinamisha uso. Tangu kiwanda cha mashati kifungwe, alikuwa amezoea kuinama: mbele ya muuza duka, mbele ya mwenye nyumba, hata mbele ya binti yake alipouliza kwa nini chai ni ya rangi kila siku. Asingehudhuria semina hii, mafao yake ya ukosefu wa kazi yangesimamishwa. Basi alikuja, akakaa nyuma, akiona aibu kana kwamba kiwanda alikifunga yeye.

"Wewe mama, pale nyuma," mwalimu alimwita. "Nyumbani kwako unaweza kupunguza nini zaidi?"

Alifikiri kwa dhati, kama mwanafunzi mtiifu. Chakula cha mchana alikuwa ameshakiacha. Taa huzimwa mapema. Alitafuta chochote cha kumpa mwalimu, asikione. Na hapo aibu ikamtoka, hasira ikampanda.

"Mtoto," alijibu. "Amebaki mtoto."

Kicheko kilianza, kikafia njiani.

Alisimama. "Mafao haya yalipopandishwa mara ya mwisho, binti yangu alikuwa anatambaa. Leo viatu vyangu vinambana. Unga umepanda, kodi imepanda, nauli imepanda. Sisi tu ndio tumeambiwa tukae palepale. Halafu unatufundisha kufuta maziwa?"

"Mama yangu, mimi sipangi viwango."

"Anayepanga yuko wapi?"

Mwalimu, pengine bila kukusudia, alitupa jicho darini.

Fundi alichukua mkoba wake akatoka. Nyuma yake viti vilikwaruza sakafu: mchomeleaji, dereva, mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala, wengine hata hakuwajua. Walipanda ngazi hadi kwenye mlango wa mkurugenzi wa mafao.

"Bosi ametoka," alisema katibu wake.

Ndani, mtu alikohoa.

Katibu alitazama chini. Fundi alivuta kiti, akamkalisha yule mzee kwanza, kisha akaugonga mlango kwa kiganja kizima.

"Hodi!"

Akagonga tena.