Ridhaa ya Jiwe

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Dorotea Ng'washi alifika kwenye nyumba ya Chenge, juu kidogo ya viwanda vya Nyakato, akawakuta wapangaji wanaosha vyombo. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye maandishi mgongoni, MSHAURI WA UMEME WA JUA, na kizibao kilikuwa kimepigwa pasi. Kwapani alibana faili. Mkononi alishika fimbo ya mita moja, ambayo kwenye mafunzo alifundishwa kupimia vivuli. Hiyo ilikuwa mara yake ya nne kufika.

Nyumba ilikuwa na vyumba nane vilivyozunguka ua wa saruji. Umeme uliwahi kuwepo, kwa mita moja ya watu wote. Wapangaji waligombana juu ya nani anatumia zaidi, Chenge akachoka kuamua, akang'oa nyaya za vyumba vyote nane na kuondoka nazo. Tangu hapo watu waliwasha vibatari. Mwaka uliopita kibatari cha Winnie, fundi cherehani wa chumba namba mbili, kilianguka kikamuunguza binti yake kuanzia kiwiko mpaka kiganjani. Mtoto alipona. Mkono haukunyooka tena.

Mradi aliofanyia kazi Dorotea uliwapa wapangaji wa kipato cha chini paneli, betri na fundi. Wapangaji wenyewe walitafuta waya na balbu, na walitakiwa kutaja mahali pa kufunga paneli, na mwenye mahali hapo aridhie kwenye fomu. Dorotea alikuwa amekwisha kushauri nyumba ishirini na tatu, na mara nyingi kazi ilikwama kwenye mstari huo wa ridhaa. Jua lilikuwepo. Paneli zilikuwepo. Paa lilikuwa la mwenye nyumba.

Siku hiyo Chenge alikuja kutoka Usagara kwa pikipiki, kwa kuwa Dorotea alimpigia simu mara tatu. Hakuwa mtu wa kelele. Alivua kofia, akamsalimia kila mpangaji kwa jina, akamwamkia Mzee Masele wa chumba namba sita, ndipo akamgeukia mshauri.

"Mama, nimekuelewa," alisema. "Lakini bati zangu zikitobolewa, mvua ikaingia, nani atakuja kuziba? Wewe?"

"Hazitobolewi, bosi. Paneli zinakaa kwenye fremu, na fremu inabanwa tu."

"Leo inabanwa. Kesho mpangaji anaanza kusema hapa juu pake." Alitikisa kichwa. "Mkataba wanao. Wausome."

Dorotea aliuomba mkataba akausoma mbele yake kwa sauti, kwa sababu aliamini mtu asiyesomewa hajaelezwa. Sharti la tisa lilisema mpangaji hataweka kitu chochote juu ya paa, ukutani wala uani. Alilisoma mara mbili. Kisha akageuza shingo, akatazama nyuma ya chumba namba sita.

"Na lile jiwe?"

Chenge naye alilitazama. "Jiwe ni jiwe," alisema, akavaa kofia yake, akaondoka.

Jiwe hilo lilikuwa kubwa kama lori la mchanga, na juu lilikuwa bapa. Mzee Masele, mlinzi mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, alikuwa amekaa chumba namba sita kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo alianika dagaa juu yake na kuwafukuza pimbi. Kila asubuhi alilisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa kuwa alilikuta hapo.

Dorotea alipanda na fimbo yake, akakaa kutwa nzima. Wapangaji walimpandishia uji, na baadaye ugali na dagaa. Upande wa mashariki palikuwa na jiwe kubwa zaidi lililotupa kivuli mpaka saa nne na nusu. Upande wa magharibi palikuwa na ghorofa la jirani, na kivuli chake kilifika saa nane na nusu. Katikati ya vivuli hivyo viwili jua lilifika vizuri.

Jioni aliwakusanya watu uani.

"Kwa siku tunapata saa nne za jua," aliwaambia. "Hizo zinatosha vyumba vinne. Nikisema vinane nitakuwa nawadanganya, na mwezi mmoja haupiti betri itakuwa imekufa."

"Vinne vipi?" Winnie aliuliza.

Kila mmoja alitazama mlango wake, kisha mlango wa jirani yake.

"Changu kitoeni," alisema Mzee Masele. "Mimi nimelinda gizani miaka thelathini. Macho yamezoea."

"Sikuja kuwapunguza watu, baba," Dorotea alisema. "Ngoja kwanza tujaze fomu. Mwenye eneo tumwandike nani?"

"Si lile jiwe lenyewe? Halina mwenyewe mwingine," alisema Mzee Masele.

Dorotea aliandika: Jiwe. Na kwa kuwa hakuwahi kumwandika mtu kwenye fomu bila kumwelewesha, alizunguka nyuma ya nyumba akalieleza. Alilitajia uzito wa paneli sita. Alisema halitachimbwa wala kupigwa msumari, fremu itakaa kwa uzito wa matofali, na vumbi litafutwa kila asubuhi. Alisema vyumba viko vinane na saa za jua ni nne kwa sababu ya vivuli viwili, akavionyesha kwa fimbo. Ilichukua kama robo saa. Aliuliza kama kuna swali, akasubiri kidogo, akafunga faili, akaenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mzee Masele alimpokea getini akiwa na ungo wa dagaa ambao hakuwa ameuanika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Limesogea."

Jiwe lilikuwa limetoka hatua nne mbele, nje kabisa ya kivuli cha mwenzake, na lilikuwa limeinamia mashariki. Nyuma yake liliacha udongo mwekundu wenye unyevunyevu, jongoo wawili, na kijiko kilichopotea miaka mingi. Adhuhuri lilikaa sawa. Saa nane na nusu, kivuli cha ghorofa kilipokaribia, lilizunguka kona ya nyumba, likapita mpaka wa kiwanja, likaelekea upande wa ziwa ambako jua hushukia. Lilikwenda taratibu, kwa mwendo wa mtu anayegeuka kanisani kumtazama mgeni aliyeingia. Pimbi walikaa juu yake muda wote. Jua lilipozama likarudi mahali pake.

Dorotea alipima kutwa nzima tena. Alipata saa tisa na robo za jua. Alifuta nne, akaandika tisa na robo, na kwenye kisanduku cha ridhaa akatia tiki kwenye NDIYO.

Fundi alikuja Alhamisi. Aliuliza jambo moja tu, jiwe linakwenda umbali gani. Alipoambiwa, akaongeza waya mita kumi na mbili, akauviringisha vizuri ili usikanyagwe.

Taa ziliwashwa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni, vyumba vyote vinane kwa pamoja. Watu hawakupiga vigelegele. Kila mmoja aliingia ndani akafunga mlango, atazame chumba chake jinsi kilivyo. Winnie alitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, bila kulamba. Binti yake alifungua daftari akaandika ukurasa mzima kwa ule mkono, polepole, herufi kubwa kubwa. Mzee Masele aligundua kwamba ukuta wake ni wa kijani.

Dorotea alibaki peke yake uani. Kwa miaka kumi na miwili alikata minofu ya sangara kwenye chumba cha baridi kiwandani, mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto vikakataa kukunjika, na siku alipoachishwa kazi msimamizi alimwita kwa namba ya aproni. Kwenye mafunzo ya washauri yeye peke yake ndiye hakuwa na cheti cha sekondari. Sasa alihesabu milango minane, na chini ya kila mlango mstari wa mwanga, na alijua kila mstari umetoka wapi, umepita waya gani, na utadumu saa ngapi. Alisimama hapo mpaka miguu ikachoka.

Mwisho wa mwezi washauri walikutana mjini. Msimamizi wao, kijana mpole aitwaye Paulo, alipitia takwimu zake, akauliza saa tisa na robo zimepatikanaje penye vivuli viwili.

"Jiwe linafuata jua," Dorotea alisema.

"Kila siku?"

"Jumapili pia."

Paulo aliandika. Teodora, mshauri wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alisema kwao mawe yapo mengi lakini yamekaa tu. Dorotea alimuuliza kama kuna aliyeyaeleza. Teodora alikiri kwamba hapana, akachukua daftari lake akaandika.

Mwezi wa tatu tangu taa ziwake, Chenge alirudi. Safari hii alikuja na mpima ardhi, Yakobo, mwenye vyombo vyake kwenye begi. Alitaka ijulikane jiwe ni la nani. Yakobo alitafuta bikoni nne za mipaka ya kiwanja, akapima asubuhi, akakuta jiwe lote liko ndani ya kiwanja cha Chenge. Alipima tena saa kumi, akakuta lote liko kwenye hifadhi ya barabara. Alirudia kesho yake, akapata vilevile. Aliandika majibu yote mawili kwenye karatasi moja, akaweka sahihi na muhuri.

"Kwa hiyo mpaka mchana ni langu," Chenge alisema.

"Mpaka saa nane na nusu," alisema Yakobo.

Chenge alikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakugusa paneli. Aliingia chumba kimoja baada ya kingine, akatazama juu, akatoka. Kisha akawaambia wapangaji kwamba kuanzia mwezi unaofuata kodi itakuwa ya nyumba yenye taa, na akataja kiasi.

Dorotea aliitwa, akaja kwa miguu bila kumaliza chakula.

"Taa ni zao, bosi," alisema. "Waya ni wao. Paa lako hatukuligusa."

"Sijasema taa ni zangu, mama." Chenge alisema hivyo kwa upole uleule. "Chumba ndicho changu. Chumba chenye taa na chumba cha giza, wewe ungepangisha bei moja?"

"Cha giza ulikitia giza wewe."

"Ndiyo," Chenge alisema. "Na kilikuwa cha bei nafuu."

Dorotea aliufungua mkataba tena akausoma wote, sharti kwa sharti. Hakuona penye kumzuia. Aliandika barua kwa wazee wa usuluhishi, akaenda na wapangaji kwenye vikao viwili akiwa na kizibao chake, akazungumza vizuri, na wazee wakamsifu kwa jinsi alivyopanga maneno. Walisema mwenye nyumba ana haki ya kupanga bei. Mmoja wao aliomba namba yake ya simu, kwa ajili ya nyumba ya mkwe wake.

Wapangaji saba walijibana wakabaki. Winnie alikuwa anashona mpaka saa tatu usiku, na wateja wa sare walimfuata kutoka mbali, hivyo aliweza. Mzee Masele hakuweza. Alifanya hesabu mara moja tu, akaanza kufunga mizigo. Angevuka kwa kivuko kwenda Kamanga kwa dada yake.

"Ni mimi niliyekuletea haya," Dorotea alimwambia.

"Wewe umeniletea miezi mitatu ya kusoma Biblia jioni," alisema Mzee Masele. "Nilikuwa sijafika hata Waamuzi. Sasa nimemaliza mpaka Zaburi." Akaendelea kufunga kamba. "Halafu yule Teodora wenu, aliyekuja kulitazama jiwe, amesema anahitaji mtu wa kuzungumza na mawe. Nimemwambia naijua kazi."

Dorotea alikwenda mjini siku hiyohiyo, akarudi na kizibao kipya cha rangi ya chungwa. Winnie alikipunguza mabega, kwa sababu Mzee Masele alikuwa mwembamba, akakifua na kukipiga pasi mwenyewe.

Mzee Masele aliondoka Ijumaa asubuhi. Alipita nyuma ya nyumba kwanza, akafuta paneli zote sita, akaliaga jiwe kwa maneno ya Kisukuma ambayo wengine hawakuyasikia. Kisha akateremka barabarani, mgongo umenyooka, maandishi yakisomeka toka mbali, na wapangaji wote saba wakasimama getini kumtazama kama watu wanaomsindikiza mbunge.

Siku hiyo jiwe halikuelekea mashariki. Lilitazama barabara iteremkayo, likabaki hivyo mpaka honi ya kivuko ilipolia chini ziwani, na ikapita kama saa nzima tena. Baada ya hapo liligeuka, likaendelea na kazi. Dorotea alipima kama kawaida. Alipata saa sita na nusu, na kwenye safu ya maelezo akaandika: Mzee Masele amehama. Paulo aliyapokea bila swali.

Ijumaa hiyohiyo, saa tisa alasiri, Chenge alikuja na mpangaji mpya, msichana aliyeanza kazi kiwandani juma hilo. Alimfungulia chumba namba sita. Alibonyeza swichi, taa ikawaka, akaizima, akaiwasha tena ili aone vizuri.

"Unaona?" alimwambia. "Hapa hutaabiki na kibatari."

Msichana alitazama juu, akatazama ukuta wa kijani, akasema amekipenda.