Chuo Kisicho na Bakora

Mtaa mzima wa Umoja ulijua kwamba Mwalimu Kadija hakutumia bakora katika chuo chake cha Kurani. Mzazi akimletea mtoto pamoja na fimbo, kama mzazi mwenyewe alivyopelekwa utotoni, Kadija alimpokea mtoto na kuirudisha fimbo. Lililowachoma wazee zaidi ni kwamba watoto wake walihifadhi sura, wakafundishwa na maana yake kwa Kiswahili, kisha wakaulizwa: haya, nyumbani utaifanyia nini? Mwaka huo wa tisini na nne, mtaani hakuna aliyewahi kusikia chuo cha namna hiyo.

Jumbe mwenye duka alivumilia hadi siku mifereji ilipokauka. Uani kwake palikuwa na tangi, naye alikuwa amekula yamini hampi mtu maji, maana ukimpa mmoja mtaa mzima unapanga foleni. Alipotoka msikitini adhuhuri alimkuta binti yake, Sundus, akimjazia jirani yao Mama Wekulo mtungi. Alipomfokea, mtoto akajibu kwamba ni kazi ya chuo. Kazi ya chuo! Jumbe alipandwa na mori, akaapa kumtoa siku iyo hiyo.

Alasiri akamfuata chuoni. Kabla hajabisha hodi, alimsikia Sundus akisema:

"Mwalimu, nilimpa jirani maji, lakini baba amekataza. Sasa nimtii nani?"

"Buda yake ako kwa mlango!" akaropoka mwanafunzi mwenzake, Rayyan, na watoto wote wakageuka.

Mwalimu Kadija hakubabaika. "Karibu, Mzee Jumbe. Swali hili gumu, nami sina jibu la haraka. Sura ya Araaytal unaijua?"

Kumuuliza yeye! Aliisoma sura ile bila kukwama hata mara moja.

"Mashallah. Sundus, mwambie baba inasemaje."

"Inawaonya watu wanaosali," Sundus alisema macho chini, "halafu wanamnyima jirani kitu kidogo tu."

Uso ulimwaka Jumbe. Miaka yote aliisoma katika sala, hata adhuhuri ile ile, na hakuna aliyewahi kumwambia maana yake. Aliona haya, kisha akamwonea uchungu yule Jumbe wa utotoni, aliyechapwa hadi akahifadhi, asiruhusiwe kuuliza lolote.

"Mama Wekulo akija tena, mpe," alimwambia bintiye. Akavua viatu, akaketi mkekani katikati ya watoto.

"Na sura ya Li-ilafi, Mwalimu," akauliza, "yenyewe inasemaje?"