Zamu ya Bunia

Arlette alipiga picha za harusi mjini Bunia kwa miaka tisa kabla ya kupata fedha za filamu yake ya kwanza. Ilikuwa hadithi ya mume na mke wazee wanaogoma kuhama kwao. Waigizaji aliwapata kanisani: Hubert na mkewe Véronique, wakulima wa Djugu waliokimbia vita na kupanga vyumba viwili pale mtaa wa Mudzipela. Aliwakuta wakibishana kwa sauti ya chini nani akae upande wa dirisha, akawafuata mpaka nyumbani.

Véronique hakukubali kukariri. "Maneno ya karatasi hii si ya mwanamuke," alimwambia Arlette. "Hakuna mwanamuke anamwambia bwana yake hivi. Uache niseme miye." Arlette akamwacha aseme, na hakuna sehemu ya filamu iliyoishinda hiyo kwa uzuri.

Miezi mitano baada ya kumaliza kazi, tansio, yaani shinikizo la damu, ilimwangusha Véronique jikoni. Alizikwa kabla hajaiona filamu.

Wakati huo Arlette alikuwa amekwisha kusaini kontra na kampuni moja ya usambazaji huko Ubelgiji. Kabla ya kusaini, bwana wa kampuni alikuwa amemweleza utaratibu kwa simu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuueleza mara mia. Filamu huanza kwenye matamasha, ipate jina. Kisha inaingia kumbi za sinema, kisha ndege za abiria, kisha televisheni, na mwisho intaneti. Kila mnunuzi analipia haki ya kuwa mbele ya yule anayemfuata. Ikivuja katikati, wote wanafunga mifuko. Na mwenye filamu hapati chake mpaka kampuni irudishe gharama zake kwanza.

"Na Bunia?" Arlette aliuliza.

Yule bwana alijibu, "Kwenu hakuna kumbi za sinema. Zamu ya Bunia itafika na televisheni."

Arlette alisaini. Alitaka kutengeneza filamu ya pili, na mlango mwingine hakuuona.

Matanga yalipokwisha, Hubert alipanda moto, ile pikipiki ya abiria, akaja kwenye studio ya Arlette, mtaa wa Nyakasanza. Alikaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Nimekuja kumuona mama Véronique," alisema. "Unifungulie filme kidogo. Nimuone, niende."

"Papa, haiko yangu tena. Nimeiuzisha."

"Umeiuzisha, lakini iko mu mashini yako."

"Iko. Lakini nimesaini kwamba sitaonyesha mutu. Ikitoka kidogo tu, kesho iko mu telefoni ya kila mutu wa soko, na watu wa Ulaya hawatalipa."

"Miye sina telefoni ya kuweka filme. Nitaangalia na macho." Akaongeza, "Munganga wa hospitali anasema jicho la kushoto imeisha. Ya kuume inafuata."

Arlette aliyatazama macho yale. Hakuona tofauti yoyote. "Ni miezi tu, papa. Itafika."

Hubert alishukuru. Alipotoka, mkono wake ulipapasa ukuta mpaka ukaupata mlango.

Baadaye Arlette alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufunga mlango ule na kumwonyesha mzee mke wake kwa dakika kumi. Jibu halikumpendeza. Aliogopa, basi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho watu wa mbali walikitaka.

Filamu ikasafiri. Barua pepe zilikuja: imeonyeshwa Uswisi, imeingia kumbi kumi na moja za Ufaransa. Théodore, mfanyabiashara wa nguo, aliporudi kutoka Dubai alimtafuta Hubert baada ya misa, amejaa furaha, akamweleza kwamba alimwona yeye na marehemu kwenye kioo kidogo mbele ya kiti chake, mule ndani ya ndege.

"Basi mama amepanda ndege," Hubert alisema. Arlette alikuwa amesimama karibu.

Zamu ya televisheni ilifika baada ya mwaka na miezi miwili, Jumapili moja saa tisa ya mchana. Arlette alibeba dekoda na kioo cha televisheni mpaka Mudzipela. Ketsia, mjukuu wa Hubert, alimwongoza babu yake kwa mkono mpaka kwenye kiti, kwa maana jicho la kuume nalo lilikuwa limezima.

"Haizuru," Hubert alisema. "Nitasikia sauti yake. Inatosha."

Filamu ilianza. Véronique alitokea mlangoni na beseni la maharagwe, akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke kijana, Kifaransa safi cha Paris.

Hubert alingoja. "Ni nani huyu anasema?"

"Ni mama, papa."

"Hapana. Huyu ni mutu mwingine."

Kisha Hubert wa kwenye filamu naye akasikika kwa sauti ya mwanamume asiyemjua, nene kama ya mtangazaji. Mzee alicheka kidogo, akaacha. Arlette alikumbuka ukurasa wa tisa wa kontra, mahali palipoandikwa kwamba kampuni inaweza kuitia filamu sauti za watu wengine kwa lugha yoyote. Alikuwa ameusoma haraka haraka. Akainuka, akazima.

"Uningoje, papa. Ninarudi."

Moto ilimpeleka Nyakasanza na kumrudisha kabla jua halijashuka. Aliweka kompyuta juu ya magoti ya Hubert, akatafuta mahali, akafungua.

"Weye, kama unataka kubaki, baki," Véronique alisema kwa sauti yake nzito, ya kukwaruza kidogo. "Lakini hiyo koti nitaifua kwanza."

Mikono ya Hubert ilishika kingo za mashini. Alisikiliza mpaka sehemu ile ikaisha.

"Amevaa nini?"

"Kitenge ya kijani, ya maua makubwa."

"Ile nilimununulia mu soko ya Iga Barrière." Akauliza, "Ananiangalia?"

Arlette alitazama. Siku ile alimpiga Véronique picha peke yake. Hubert alikuwa nje akinywa chai, na Véronique alikuwa amekazia macho kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani badala ya uso wa mumewe.

"Anakuangalia, papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Rudisha."

Arlette alirudisha. Ketsia alitoka jikoni akifuta mikono, akakaa chini karibu yao. Walisikiliza mara nne. Ya tano ilikatika katikati, betri ikaisha. Hubert alibaki ameinamisha sikio kwenye mashini, akingoja maneno yaliyobaki, mpaka mjukuu wake akamgusa bega na kumwambia kwamba imezima.